Talki au jiwe sabuni: jiwe lako lisagwe au likatwe?

Mtu akiokota jiwe la kijivu au la kijani hafifu, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha, likawa linateleza vidoleni, swali lake la kwanza huwa ni bei. Mimi humrudisha nyuma hatua moja: utalisaga au utalikata? Jiwe hilohilo likisagwa linaingia soko la unga wa talki, na huko linapimwa kwa weupe na usafi wake. Likikatwa linaingia soko la jiwe sabuni, na huko linapimwa kwa ukubwa wa pande, nyufa zake na namna linavyohimili moto. Mnunuzi wa unga hana habari na nyufa. Mnunuzi wa kaunta ya jikoni hana habari na asilimia za magnesia, yaani oksidi ya magnesiamu. Na pande zuri likishapita kwenye mashine ya kusaga, ndiyo basi.

Naandika nikiwafikiria watu wa Nyanda za Juu Kusini: mchimbaji mdogo aliyechoka kusubiri dhahabu, fundi wa majiko na dohani, mwenye nyumba wa Njombe au Mafinga anayetafuta kitu cha kuweka jikoni, na mzazi aliyesimama dukani na kopo la poda mkononi. Msimamo wangu nausema mapema. Kwa mwenye mtaji mdogo aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe, jiwe zima likatwe. Unga ni biashara ya mwenye mwamba safi, maabara na mitambo mikubwa. Zipo hali ambazo msimamo huu unageuka, nazo nitazitaja.

Talki ni madini, jiwe sabuni ni mwamba

Talki ni madini ya aina moja: magnesia, silika na maji kidogo, vyote vikiwa vimefungamana kwa fomula ya Mg3Si4O10(OH)2. Ikiwa safi kabisa, maabara itakusomea silika asilimia 63.4, magnesia asilimia 31.9, na maji asilimia 4.7 hivi. Ndani yake imejipanga kwa matabaka membamba mno, na kinachoshikanisha tabaka na tabaka ni nguvu hafifu sana. Ukiisugua kwa kidole unayatelezesha matabaka hayo, moja juu ya jingine. Friedrich Mohs, Mjerumani aliyetunga kipimo cha ugumu wa madini mwaka 1812, aliipa talki namba 1 na almasi namba 10. Ukucha wa mtu uko kwenye 2.5 hivi, ndiyo maana unaikwaruza bila kutumia nguvu.

Sifa yake ya pili haizungumzwi sana, nayo ndiyo inayoiingiza viwandani. Uso wa matabaka ya talki haupatani na maji, lakini hushika mafuta na utomvu. Dondosha tone la maji juu ya uso safi wa talki uliolala vizuri: litabaki limejikusanya badala ya kutandaa. Sifa ya tatu ni moto. Talki haiungui. Kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi inapoteza yale maji yaliyofungwa ndani ya fuwele na kugeuka madini mengine yaitwayo enstataiti pamoja na silika, na hapo inakuwa ngumu kuliko kioo. Watu wa Bonde la Indus walilijua hilo miaka zaidi ya 4,000 iliyopita: walichonga mihuri yao jiwe likiwa laini, kisha wakaichoma ikawa migumu.

Jiwe sabuni ni mwamba ambamo talki ndiyo mwenyeji mkuu, lakini haikai peke yake. Utakuta kloraiti ya kijani, magnesaiti au dolomaiti (hizi ni kaboneti, jamii ya chokaa), vijipunje vyeusi vya magnetaiti vinavyonaswa na sumaku, na pengine madini ya kundi la tremolaiti, ambayo nitayarudia kwa sababu ndiyo yenye hatari. Jiwe la kuchongea vinyago huwa na talki nyingi. Jiwe la kaunta na la majiko huwa na talki kidogo zaidi, pengine nusu tu, na wenzake ndio wanaolipatia ugumu.

| | Kulisaga (unga wa talki) | Kulikata (pande la jiwe sabuni) |
|---|---|---|
| Kinachonunuliwa | weupe, usafi, wembamba wa chembe | ukubwa, uzima, rangi, kuhimili moto |
| Kinacholiharibu | chuma, kaboneti, mchanga, asbesto | nyufa, mishipa yenye salfaidi (madini yenye salfa), asbesto |
| Kloraiti na magnesaiti | hushusha daraja | mara nyingi ni faida |
| Kuanza kazi | mtambo, maabara, mkataba na kiwanda | msumeno, maji, msasa, fundi makini |
| Mnunuzi yuko wapi | zaidi Dar es Salaam na nje ya nchi | anaweza kuwa jirani yako |

Angalia mstari wa tatu. Kitu kilekile kinachomtia hasara mwenye unga ndicho kinachompa fundi wa kaunta jiwe lisilochakaa upesi.

Kujua kilicho mkononi mwako

Kwanza, ulilitoa wapi? Talki huzaliwa ambapo miamba yenye magnesia nyingi, kama serpentinaiti au dolomaiti, imebanwa na kupashwa moto chini ya ardhi huku maji moto yenye silika au kabonidayoksaidi yakipita ndani yake. Kwetu, miamba mikongwe ya aina hiyo iliyopondwa na kugeuzwa ni ya kutafutwa katika mikanda miwili: Ubendi, unaoshuka kutoka Ziwa Tanganyika kupitia Rukwa hadi Mbeya, na Usagara, unaopita Iringa. Yote ina umri wa karibu miaka bilioni 2. Ukitoka Uyole kuteremkia Tukuyu umeingia nchi ya volkano ya Rungwe, yenye mawe meusi ya basalti na pumisi nyepesi. Hapo usipoteze siku. Vivyo hivyo majabali makubwa ya Iringa mjini, Gangilonga ikiwamo, ni jamii ya matale (graniti), si ya talki. Nje kidogo ya kanda yetu, kilima cha Mautia wilayani Kongwa kinajulikana kwa wanajiolojia wa dunia nzima kwa mwamba wake wenye talki na kayanaiti, na huko ndiko yalikopatikana yoderaiti, madini ya zambarau yaliyotangazwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959.

Kisha fanya majaribio ya mkononi. Ukucha ukiacha mtaro, umekaribia. Ukucha ukiteleza lakini msumari wa chuma ukachimba kwa urahisi, una jiwe sabuni la daraja gumu, na hilo lisikuvunje moyo. Msumari nao ukishindwa, una jiwe jingine kabisa. Ila ulaini peke yake hauthibitishi talki. Pirofilaiti ina ulaini uleule na mtelezo uleule, tofauti ni kwamba ina alumini mahali pa magnesia. Kaolini nayo ni laini, na ulanga humeta na kubanduka vipande. Kwa macho na vidole huwezi kuyatenganisha yote, hata uwe na uzoefu gani. Maabara ikikupa magnesia karibu na asilimia 30 na alumini kidogo, huenda unayo talki. Ikikupa alumini nyingi na magnesia ya kutafuta kwa tochi, huna.

Watu hupenda kumwagia siki au limau ili waone kama jiwe linatoa povu. Siki itakuonyesha chokaa, lakini magnesaiti haitoi povu kwenye asidi baridi, kwa hiyo unaweza kudhani jiwe lako ni safi na kumbe sivyo. Kipimo kizuri na cha bei ndogo ni kile cha kupoteza uzito kwa moto: maabara inapima unga uliokaushwa, inauchoma kwa nyuzi 1,000, inapima tena. Talki safi hupoteza chini kidogo ya asilimia 5. Magnesaiti hupoteza asilimia 52, dolomaiti karibu 48. Tuseme jiwe lako limepoteza asilimia 20: kama mchanganyiko ni talki na magnesaiti tu, theluthi nzima ya jiwe ni magnesaiti, na hakuna kiwanda cha poda kitakachokusikiliza. Kloraiti hupoteza asilimia 12 hivi, kwa hiyo soma namba hiyo pamoja na ile ya alumini. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iliyoko Dodoma, ina maabara za kazi hii. Peleka sampuli kutoka sehemu kadhaa za mwamba, usipeleke lile jiwe moja zuri ulilolihifadhi kabatini.

Unga unakwenda wapi

Kwenye poda ya mtoto ndiko watu wengi wanakoijua talki, lakini wanunuzi wakubwa ni plastiki, karatasi, rangi na kauri. Bampa na dashibodi ya gari huwa ni polipropilini iliyochanganywa na talki, mara nyingi gramu 20 au zaidi katika kila gramu 100, kwa sababu vibamba vyake vidogo huipa plastiki ukakamavu na kuizuia isipinde kwenye jua. Kwenye rangi za ukuta vibamba hivyo hulala kimoja juu ya kingine, vikapunguza nyufa na kuzuia unyevu. Kwenye kauri, talki ikichanganywa na udongo mweupe na alumina hutoa kodiraiti, kitu kinachotanuka kidogo sana kwa joto, nacho ndicho kilichotengenezewa lile sega la kusafisha moshi ndani ya bomba la gari. Ukichanganya talki na udongo kidogo na kuchoma zaidi ya nyuzi 1,300 unapata kihami cha umeme kigumu.

Karatasi inahusu moja kwa moja nchi ya misitu kama Mufindi. Paini ina utomvu mwingi. Mbao zikichemshwa kuwa rojo, utomvu huo hugandia kwenye mitambo na kuacha madoadoa kwenye karatasi. Unga mwembamba wa talki ukimwagwa kwenye rojo, unaushika utomvu kabla haujakusanyika, na unatoka pamoja na karatasi bila kudhuru. Hapa weupe si sharti kubwa kama kwenye vipodozi. Wembamba na usafi dhidi ya mchanga ndivyo vinavyotazamwa, kwa sababu mchanga hula mitambo. Kama kuna mteja wa unga ambaye mtu wa Iringa anapaswa kumfikiria kwanza, ni kiwanda kinachopika paini.

Matumizi madogo yapo mengi, na baadhi umeyashika bila kujua. Fundi pancha akifungua tyubu mpya, ule unga mweupe unaobaki mikononi ni wa kuzuia mpira usijigandie, na talki ndiyo iliyozoeleka kwa kazi hiyo. Dawa za unga za kuhifadhia mahindi huwa na kiuatilifu kidogo sana, na kilichobaki ni unga wa madini wa kukibeba, talki au kaolini au mfano wake. Mbolea hupakwa talki isigande kwenye mfuko. Vidonge vya dawa huwekewa kidogo ili viteleze kwenye mashine, na kwenye vyakula Ulaya imeisajili kwa namba E553b.

Sasa shida za kusaga. Viwanda vya plastiki na rangi vinataka chembe ndogo kuliko mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mara nyingine chini ya 10. Chekeche ya mesh 325 inapitisha hadi mikroni 45, kwa hiyo hata ukiipita bado hujafika. Talki pia haisagiki kirahisi kwa mipira ya chuma, inateleza. Wenye viwanda hutumia mitambo ya roli yenye feni ya kuchuja hewani, au mitambo ya kugonganisha chembe kwa hewa ya nguvu. Nimesikia mara nyingi wazo la kulipitisha jiwe kwenye karasha la Chunya. Tafadhali usifanye hivyo. Mipira ya chuma itautia unga ukijivu, na mashine iliyosaga mawe ya dhahabu hubaki na vumbi la kwatsi (madini magumu ya silika) na salfaidi, pengine na mabaki ya zebaki ya jirani. Unga huo haufai kwenda kwenye ngozi ya mtu wala kwenye chakula cha kuku.

Halafu kuna barabara. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kutoka Iringa karibu 500. Talki ya kujazia plastiki huuzwa kwa tani, kwa bei ndogo kwa kilo, ikishindana na mizigo ya meli kutoka China na India. Nauli ya lori inaweza kuila faida yote kabla hujamlipa mpakiaji. Reli ya TAZARA inayopita Mbeya na Makambako inasaidia mwenye mzigo mkubwa wa mfululizo. Mwenye magunia machache haimsaidii.

Pande linakwenda wapi

Fundi mmoja wa dohani aliwahi kuniuliza, "Kaka, hili nalo si litapasuka kama mawe yetu?" Swali lake ni la msingi. Kila aliyewahi kupika kwenye mafiga ya mawe ya matale anajua mlio ule: jiwe linalipuka na kutupa kibanzi. Matale yana kwatsi nyingi, na kwatsi ikifika nyuzi 573 inabadilika umbile ghafla na kutanuka. Jiwe sabuni zuri halina kwatsi. Limejaa matabaka laini yanayopokea mtanuko, kwa hiyo hupanda na kushuka joto mara maelfu bila kupasuka. Linalolivunja ni maji yaliyonasa kwenye ufa, au salfaidi zenye kumeta rangi ya shaba. Lile lililotoka kuchimbwa likaushwe kwa wiki kadhaa kivulini, kisha lipashwe moto kidogokidogo.

Sifa ya kuhifadhi joto ndiyo iliyowapa watu wa Ufini kazi ya maisha. Huko Juuka wanakata jiwe hili kwa majiko makubwa ya kupasha nyumba. Tupige hesabu. Kilo 1 ya jiwe sabuni huhitaji karibu kilojuli 1 kupanda nyuzi 1. Kilo 100 zikipashwa hadi nyuzi 150 na kuachwa zipoe hadi 30, zinarudisha chumbani kilojuli 12,000, yaani zaidi ya uniti 3 za umeme. Tofali la kuchoma la uzito uleule si mbali sana, ni pungufu kwa asilimia 15 hivi. Tofauti iko kwenye nafasi na kasi: kilo 100 za jiwe sabuni zinakaa kwenye lita 35 tu, za tofali zinahitaji zaidi ya 50, na jiwe sabuni hupitisha joto mara nne au zaidi kuliko tofali, kwa hiyo linajaa upesi moto ukiwa mkali.

Kwa Makete, Njombe na Mufindi, ambako Juni na Julai baridi inaingia hadi mifupani na Kitulo huamka na jalidi, naliona hili kuwa tumizi bora kuliko yote. Familia zinaingiza jiko la mkaa chumbani usiku, na hewa ya mkaa inaua watu wakiwa usingizini. Meko ya kuni yenye dohani inayotoka nje, iliyojengewa ukuta wa jiwe sabuni ndani, ikiwashwa jioni kwa saa mbili huendelea kutoa joto usiku moto ukiwa umeshazimika. Hiyo ni kazi ambayo fundi wa hapa anaweza kuijifunza. Haihitaji kiwanda.

Jikoni nako linafanya vizuri. Kaunta ya malumalu halisi inaliwa na limau, kwa sababu ni chokaa. Jiwe sabuni halinywi maji, halishiki doa la manjano wala la mafuta, na sufuria ya moto unaiweka moja kwa moja juu yake. Kwa sababu hiyohiyo maabara nyingi za kemia za zamani zilikuwa na meza zake. Ubaya wake ni kwamba kisu kinaliacha na alama, na ukingo ukigongwa na sufuria nzito unapoteza kona. Alama unaziondoa kwa msasa wa maji, namba 120 kisha 220, na kulipaka mafuta ya madini liwe jeusi sawasawa. Kama jiwe lako lina magnesaiti au dolomaiti nyingi, jaribu kipande kidogo kwa kukiacha na limau usiku kucha kabla ya kumuuzia mtu kaunta nzima. Kwa mwenye nyumba anayechagua: ukitaka kitu cha kumeta na kisichokwaruzika, chukua matale. Ukitaka kitu cha kupikia juu yake na kukitunza kwa mkono wako mwenyewe, chukua jiwe sabuni.

Brazili wanalichonga kuwa vyungu vya kupikia, wanavipaka mafuta na kuvipasha taratibu kabla ya kuvitumia mara ya kwanza. Ni nchi hiyohiyo ambayo sanamu ya Kristo Mkombozi pale Rio de Janeiro, iliyozinduliwa mwaka 1931, imefunikwa kwa vigae vidogo vya jiwe sabuni. Vigae hivyo vimekaa kwenye mvua na jua karibu karne nzima. Afrika tuna ndege wa Zimbabwe Kuu, waliochongwa kwa jiwe hili karne nyingi kabla ya hapo, na wachongaji wa Tabaka huko Kisii wanaoishi kwa jiwe laini hadi leo.

Ukilikata kwa mara ya kwanza utashangaa. Msumeno wa mkono unazama. Mwagia maji kila mara, na tope linalotoka ni laini kama uji wa ulezi, linanata kwenye meno ya msumeno na kuyaziba, kwa hiyo usafi wa msumeno ni nusu ya kazi. Msumeno wa mbao wa kawaida utakufa meno mapema kama jiwe lina magnetaiti. Tafuta wenye meno ya kabaidi. Lalisha pande kwa namna alivyolilaza Mungu, ukifuata matabaka yake, maana ukikata bao jembamba kukingama matabaka litavunjika siku ya kulibeba.

Vumbi na nyuzi

Hapa sina mzaha hata kidogo. Talki na asbesto huzaliwa katika miamba jamaa. Tremolaiti, anthofilaiti na krisotaili zinaweza kukaa kwenye mwamba mmoja na talki, na zikiwa katika umbo la nyuzi ni asbesto, inayosababisha saratani ya mapafu na ya utando wake miaka mingi baada ya mtu kuivuta. Mwaka 2024, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka talki yenyewe katika kundi 2A, maana yake huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Talki iliyochanganyika na asbesto ilikuwa tayari kundi 1, ambako hakuna tena neno huenda. Kampuni ya Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya mtoto yenye talki Marekani na Kanada mwaka 2020 na duniani kote mwaka 2023, ikahamia wanga wa mahindi.

Kwa mzazi, ulinganisho ni mfupi. Mtoto hahitaji poda ya talki. Kama lazima upake kitu, soma lebo utafute ya wanga wa mahindi, uimimine mkononi mbali na uso wake ili asivute. Kwa mwenye ndoto ya kufungasha poda, kumbuka kwamba tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na bila cheti cha maabara kinachosema hakuna asbesto usianze kabisa.

Kwa mchimbaji na fundi, ukiona jiwe linachanika kuwa nyuzinyuzi kama pamba, acha, lirudishe lilikotoka, lilowanishe na kulifunika, na usilisage kwa kipimo chochote. Jiwe lisiloonyesha nyuzi nalo lipimwe, kwa eksirei ya kutambua madini na hadubini ya elektroni, kabla hujaanza uzalishaji. Kisha kata kwa maji siku zote. Grenda kavu kwenye jiwe sabuni hujaza karakana yote vumbi linaloning'inia hewani kwa saa nyingi, na barakoa ya kitambaa hailizuii. Usiingize maji kwenye grenda ya umeme ya kawaida, itakurusha. Tumia msumeno wa mkono au mashine iliyoundwa kwa kukata kwa maji. Nguo za kazi zisiingie nyumbani kwa watoto. Hapa tena kukata kunashinda kusaga: fundi mwenye maji analidhibiti vumbi, mwenye kinu anaishi ndani yake.

Lini usage

Nilisema msimamo wangu unageuka. Saga ikiwa jiwe lako limepondeka lenyewe ardhini na haliwezi kutoa pande hata la ukubwa wa tofali, na wakati huohuo maabara imekupa magnesia karibu na asilimia 30, upotevu wa uzito chini ya 7, chuma kidogo, na asbesto hakuna. Hapo una mali ya unga, na hatua ya busara ni kumtafuta mnunuzi kabla ya kununua mashine. Muuzie mabonge yaliyochambuliwa kwa mkono, meupe mbali na ya kijani, asage yeye. Hata Trimouns, machimbo makubwa ya talki kwenye milima ya Pirenei huko Ufaransa, uchambuzi wa rangi ndio unaotenganisha daraja na daraja.

Kwa njia yoyote utakayochagua, shamba kuwa lako hakukupi madini yaliyo chini yake. Kwa Sheria ya Madini ni mali ya taifa. Nenda ofisi ya madini ya mkoa wako ukaombe leseni ndogo ya uchimbaji, iliyotengwa kwa Watanzania. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, Mbeya na Iringa ni mahali pazuri pa kuulizia mashine za kukatia na mafunzo ya biashara ndogo.

Ukiwa umeamua kukata, usitupe makombo. Vipande vilivyovunjika vikate kuwa fito za urefu wa milimita 125, upana wa 13 na unene wa 5. Hiyo ni chaki ya mafundi wa kuchomelea: mstari wake kwenye chuma hauungui wala haufutiki chini ya moto, na mafundi vyuma wa Mwanjelwa wanahitaji kitu hicho kila siku. Tope la msumeno liache litulie kwenye pipa, ulitoe likiwa bado bichi. Kama limepimwa na ni salama, wape wafinyanzi. Wenyeji wa mashariki mwa Amerika Kaskazini walichanganya jiwe sabuni lililopondwa kwenye udongo wa vyungu maelfu ya miaka iliyopita ili visipasuke motoni, na ningependa sana kuona akina mama wa Kikisi, wanaouza vyungu vyao Matema, wakijaribu bakuli moja la tope hilo kwenye chungu kimoja cha kupikia na kukilinganisha na cha kawaida.